Skonzi Si ya Mwingereza

Kama miji ingekuwa na uwezo wa kukaa kibarazani ikabishana, Korogwe na Handeni wangekuwa na mada moja isiyokwisha: Mwingereza alituachia nini? Wote wako mkoa mmoja wa Tanga, na bomba kuu linalopeleka maji Handeni, lile la HTM, linayavuta kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Hata hivyo historia haikuwatendea sawa. Korogwe alipata reli, mashamba ya katani bondeni na mashamba ya chai milimani. Handeni alibaki na mahindi yake, msitu wake, na misimu ya mvua isiyoaminika. Kwa hiyo kila mmoja ana jibu lake, na kila mmoja analisema kwa kujiamini.

Korogwe ndiye huanza. "Jirani, usijifanye huoni. Ukiamka unakunywa chai, na chai ni ya Mwingereza. Dukani unanunua skonzi, na skonzi ni ya Mwingereza. Mtoto wako anavaa sare na tai. Unaendesha gari kushoto. Jumamosi unaacha palizi ukawaangalie Arsenal. Sisi ni Waingereza waliokosa baridi tu." Handeni hacheki. "Wewe sema yako, jirani. Mimi reli haikunifikia, na kwangu hakupanda chai. Alikuja akakaa miaka arobaini na moja, akaondoka. Ugali nasonga mwenyewe, Kizigua naongea, na saa nazihesabu tangu jua linapochomoza. Mwingereza gani unayemwona wewe?"

Wote wawili, kwa maoni yangu, wanamtafuta mtu jikoni wakati yeye amekaa ofisini. Wanapima uzungu wa kitu kwa jina lake au kwa sura yake, na jina ni shahidi asiyeaminika. Kuna vitu vyenye jina la Kiingereza ambavyo ndani havina Uingereza wowote, na kuna vitu vyenye jina la Kiswahili safi, au la Kiarabu, ambavyo kiini chake ni Uingereza mtupu. Lakini tukifika mwisho tutaona jambo la ajabu zaidi: kile kilicho cha Kiingereza kuliko vyote katika wilaya hizi mbili, ukikitafuta Uingereza kwenyewe, hukipati.

Tuanze na chai, kwa sababu Korogwe anaishikilia kama hati ya shamba. Ni kweli kwamba milima juu yake, kule Ambangulu na Dindira, imevikwa michai iliyopunguzwa ikafika kiunoni, na mchumaji anakata kichomozi na majani mawili machanga, siku nzima, kikapu mgongoni. Ni kweli pia kwamba kilimo hicho kilikuzwa kibiashara enzi za Mwingereza, na majani yake yalilenga soko la nje tangu mwanzo. Shamba la chai, basi, nalikubali kuwa ni lake, ingawa hata hapo waliotangulia kuijaribu chai katika Usambara ni Wajerumani wa kituo cha utafiti cha Amani. Kikombe ni habari nyingine. Mwingereza anaiita "tea", neno lililomfikia kupitia Waholanzi kutoka lahaja ya pwani ya kusini ya China. Sisi tunasema "chai", neno lililopita njia nyingine kabisa, kupitia Uajemi na India. Neno lake halikupita mlango wa jiko letu hata siku moja. Birika, sufuria na sukari vimetoka upande wa Waarabu. Maji, moto na maziwa ni vya Kibantu. Mtaa wa Manundu asubuhi, mama lishe anamimina maziwa na maji kwenye sufuria moja, anatupia majani, sukari, tangawizi iliyopondwa na punje za iliki, anaacha vichemke pamoja hadi povu lipande na kutaka kumwagika, ndipo anaepua na kuchuja. Mwingereza wa jadi angeshtuka. Kwake maji yamwagiwe majani ndani ya buli, yatulie dakika chache, maziwa yaongezwe kikombeni kwa kijiko cha huruma, na tangawizi asiisikie. Kinachofanyika Manundu kinafanana na chai ya Mumbai, na kimefika hapa kwa njia ya bahari na maduka ya Wahindi.

Korogwe ana pingamizi, na si dogo. "Sawa, mapishi si yake. Lakini ile desturi ya kusimamisha kazi ili watu wanywe chai je? Ofisi zote zinaweka kalamu chini saa nne. Hiyo nayo imetoka Mumbai?" Hapana, hiyo ni yake. Mapumziko ya chai katikati ya asubuhi ni mpango wa kazi wa Kiingereza, wa kiwanda na wa ofisi. Ila angalia jina lake: chai ya saa nne. Miaka arobaini na moja ya ratiba, kengele na saa za ukutani haikutosha kutufanya tuite saa hiyo kumi. Hapa Handeni ana haki ya kutabasamu. Mpango ni wa Mwingereza, kinywaji ni cha Mhindi, na saa ni ya jua la Ikweta, vyote vitatu ndani ya glasi moja. Mwenye kusema glasi hiyo ni ya mtu mmoja atwambie ni ya nani.

Skonzi haitatuchelewesha. Jina limetoka kwa "scones" za Uingereza, hilo halina ubishi. Lakini skonzi ya hapa ni kimkate cha duara kilichoumuliwa kwa hamira, laini kama sponji, kitamu kidogo, na vinauzwa vikiwa vimebanana ndani ya mfuko. Ile yao haina hamira. Inafura kwa baking poda, inavunjika kama udongo mkavu, na inaliwa kwa jemu na krimu nzito. Ukiziweka mbili hizo kwenye sahani moja hazitatambuana. Hilo ni jina lililoazimwa likavishwa mkate mwingine, kama vile tulivyochukua neno "chips" tukalikaangia mayai, tukapata chakula ambacho London hakimo.

Na kabla hatujasonga mbele, kuna vitu viwili vitatu ambavyo Korogwe huvitaja kila mara kwa makosa. Reli si ya Mwingereza. Wajerumani ndio walioanza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Korogwe mwaka 1902 na Moshi miaka kama kumi baadaye, Mwingereza aliikuta. Katani nayo ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka huohuo wa 1893, ikapandwa kwanza Kikogwe karibu na Pangani. Hata neno "shule" ni la Kijerumani, ndiyo maana Mzanzibari, ambaye Mjerumani hakumtawala, husema "skuli". Korogwe akijibu kwamba kuna wamisheni wa Kiingereza, wale wa UMCA waliojenga Magila, Korogwe kwenyewe na hata Kideleko kule kwa jirani yake, jibu ni kwamba wale walikuwa na msimamo wa kutotaka kumgeuza Mwafrika kuwa Mzungu. Walitafsiri na kuchapa kwa Kiswahili, na walikerwa na mwanafunzi aliyeiga suti. Ukimtafuta Mwingereza aliyekataa kuwafanya watu Waingereza, utampata kanisani.

Foleni ndiyo kesi ninayoipenda zaidi. Duniani kote Mwingereza anasifiwa au kuchekwa kwa jinsi anavyopenda kupanga mstari. Nasi neno letu la mstari huo tumelipata kwake, lakini si kwenye kituo cha basi. Limetokana na amri ya gwaride, "fall in", amri waliyofokewa askari wa keya, jeshi la kikoloni, na kila aliyewahi kupangwa mstari na bwana mkubwa. Yaani kitu ambacho kwao ni adabu baina ya raia, kwetu kiliingia kama sauti ya sajini. Korogwe hapa hupenda kulalamika: "Ndiyo maana stendi tunagombania mlango wa basi. Mwingereza alituachia neno, ustaarabu akaondoka nao." Nadhani anakosea mara mbili. Kwanza, ustaarabu huo si damu ya Mwingereza. Uliimarika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, alipokuwa akipewa nyama, siagi na sukari kwa kadi ya mgao, hali iliyodumu hadi mwaka 1954. Uhaba ndio uliompanga. Pili, sisi nasi uhaba ulitupanga. Watu wazima wa wilaya hizi wanazikumbuka foleni za sukari, sabuni na khanga za miaka ya mwanzo ya 1980, na hakuna Mzungu aliyezisimamia.

Hapo Handeni anadakia, kwani anajua foleni kuliko jirani yake. Maji yanapokatika, bombani kunapangwa madumu. Madumu ya njano, ya bluu, lingine limechorwa herufi kwa rangi nyekundu, lingine limefungwa kitambaa shingoni, yamejipanga kutoka bombani hadi barabarani, na wenyewe hawapo. Mmoja ameenda kupepeta mahindi, mwingine yuko sokoni Chanika. Dumu linasimama badala ya mtu, na kulisogeza la mwenzio nyuma ni kosa ambalo mtaa mzima utalizungumza. Mwingereza hana desturi hiyo. Kwake mtu lazima asimame mwenyewe kwa miguu yake, kana kwamba anakaguliwa. Huku, jina lilitoka kwenye gwaride, lakini mila ni ya watu wenye shughuli nyingi na imani ya kutosha kwa majirani. Kama kuna kitu katika orodha hii nzima kinachostahili kusifiwa kwa wageni, ni lile dumu.

Mpira unanitatiza kidogo, na sitaki kuficha. Hapa jina na kiini vinakubaliana: kanuni zilikubaliwa London mwaka 1863, na refa, penalti, kona, faulo na ofsaidi vimebaki na majina yao. Tumebadilisha jina la mchezo wenyewe tu, tukauita mpira, kwa jina la kile unachochezewa. Korogwe ana pointi yake, na ana nyongeza: mwaka 2020 Mbwana Samatta alipoichezea Aston Villa, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya England, vibanda umiza vya Manundu na vya Chanika vilishangilia klabu ambayo wiki moja kabla wengi hawakujali iko mji gani. Lakini nenda kwenye kibanda hicho Jumamosi, usome ubao ulio mlangoni. Kuanzia mwisho wa Machi mechi za alasiri za Uingereza zinaandikwa saa 11 jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Mwingereza anarudisha saa yake nyuma, na Jumamosi inayofuata mwenye kibanda anafuta kwa kiganja, anaandika saa 12. Jua la Handeni halijabadilika hata dakika, ila sasa kipindi cha kwanza hakijaisha adhana ya magharibi inaita, na nusu ya benchi inanyanyuka. Huo ni utawala, ukipenda kuuita hivyo. Tumeukubali kwa hiari na kwa kiingilio. Sasa ongeza hili: mechi hizohizo za Jumamosi, ambazo kwa saa za kwao huanza saa tisa alasiri, Mwingereza aliyeko kwao haruhusiwi kuzitazama moja kwa moja kwenye televisheni. Kuna katazo la miaka mingi la kurusha mechi muda huo, ili watu wasiache kwenda viwanjani. Kijana wa Manundu anaona Uingereza ambayo kijana wa Birmingham haonyeshwi.

Nashika hapo. Uingereza isiyokuwepo Uingereza ndiyo kiini cha hoja yangu, na mpira ni mfano wake mwepesi tu. Mfano mzito uko kwenye mashamba ya katani ya Magunga, Ngombezi na Mnyuzi. Kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara wake ulisubiri hadi kadi ijae. Mfumo huo ulianza kwa Mjerumani, Mwingereza akauendeleza kwa miongo. "Kipande" ni Kiswahili kitupu, hakuna neno la Kibantu zaidi ya hilo. Wazigua na majirani zao wengi walikwepa mikataba hiyo wakabaki na majembe yao, kwa hiyo watu waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa namba. Mfanyakazi wa kiwanda cha Manchester wa wakati huohuo hakubeba kipande. Chama chake cha wafanyakazi kingewasha moto. Kwa hiyo tunaposema kipande kilikuwa "cha Kiingereza", tunazungumzia Uingereza ya aina gani?

Sheria ni hivyohivyo, na hapa Handeni hawezi tena kusema hakumwona Mwingereza. Neno "sheria" ni la Kiarabu. Mahakama, hakimu, wakili, shahidi, wote Waarabu. Lakini fungua ndani. Kwa amri iliyotolewa London, sheria ya kawaida ya Uingereza na misingi yake ya haki kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 iliingizwa Tanganyika, na tarehe hiyo bado inatajwa katika sheria zetu za leo. Kanuni ya Adhabu ilianza mwaka 1930, bado ndiyo Sura ya 16. Mkulima wa Kwamatuku akishtakiwa kwa wizi wa mbuzi, mwendesha mashtaka anatakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka, na hilo ni tunda la mahakama za Kiingereza. Naliona kuwa zawadi nzuri kuliko skonzi elfu. Lakini cheka kidogo: Uingereza yenyewe haina Kanuni ya Adhabu mpaka leo. Makosa yao wameyatawanya katika sheria mbalimbali na maamuzi ya majaji. Kitabu kimoja kilichokusanya makosa yote kiliandikiwa makoloni. Na Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilifuata ile ya India ya mwaka 1872. Kama chai, imepita Mumbai kabla ya kufika kwetu.

"Lakini tumezibadilisha," Handeni anasema. "Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama." Ni hatua kubwa, na mkulima wetu wa Kwamatuku anaihitaji kuliko wakili wake. Ila tafsiri inabadili jina, na tumeshaona jina linavyodanganya. Kifungu kikitoka Kiingereza kikaingia Kiswahili kinaeleweka; hakijawa kingine.

Na sasa tupande hadi bomani. Kila wilaya ina ofisi ya Mkuu wa Wilaya, cheo chenye jina la Kiswahili lisilo na doa, ingawa mitaani watu bado wanamwita DC, herufi mbili za Kiingereza zilizokataa kufa. Katika ukoloni huyo alikuwa mtawala, mkusanya kodi, msimamizi wa mihogo ya lazima dhidi ya njaa, na mara nyingi hakimu pia, vyote ndani ya kaptura moja. Kent haijawahi kuwa na DC. Yorkshire haijawahi. Mwingereza wa nyumbani asingemvumilia hata wiki mbili mtu aliyeteuliwa kutoka mji mkuu, asiyechaguliwa na yeyote, mwenye uwezo wa kuamuru raia akamatwe. Kwetu uwezo huo upo: Mkuu wa Wilaya anaweza kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48, akiwa na sababu ya kuamini kwamba ametenda kosa au atavunja amani.

Korogwe na Handeni, kwa mara ya kwanza, wanasimama upande mmoja. "Usikuze jambo," wanasema. "DC wa leo ni Mtanzania, ameteuliwa na Rais tuliyemchagua. Wakulima na wafugaji wakitaka kukatana mapanga, nani atawahi kabla ya hakimu kuamka?" Hoja ni ya kweli kwa nusu. Amani ya vijiji inahitaji mtu wa kuwahi, na migogoro ya ardhi katika wilaya hizi si hadithi. Lakini kuwahi ni kazi ya polisi, nao wana uwezo wa kukamata. Kupima kama mtu abaki ndani ni kazi ya hakimu, naye yuko. Kinachobaki kwa DC baada ya hao wawili ni mchanganyiko uleule wa zamani, siasa na pingu kwenye meza moja, na hapo ndipo diwani aliyebisha kikaoni anaweza kujikuta mahabusu bila mtu kueleza amani gani ilikuwa inavunjwa. Kwamba anayekalia kiti ni mwenzetu hakubadilishi umbo la kiti.

Wala hatuwezi kumtupia Mwingereza lawama yote tukaenda kulala. Uwezo ule wa saa 48 hatukuukuta kwenye kabati la bomani alipoondoka. Umo katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, iliyopitishwa na Bunge letu wenyewe miaka 36 baada ya bendera yake kushushwa.